Kabureta za pikipiki za zamani: ziguse mwisho, si mwanzo (uzi kwa wenye kabureta mbili hadi nne)

#1 Mvuto

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenye pikipiki za zamani zenye kabureta zaidi ya moja: Honda CB750, Triumph Bonneville, BMW za silinda za pembeni, Kawasaki Z1 na ndugu zao. Swali linalorudi kila mara ni lile lile: "Injini haitulii, nizungushe skrubu gani?" Jibu langu halijawahi kubadilika. Usizungushe yoyote kwa sasa.

Kabureta haiamui chochote, inatii tu. Pistoni ikishuka huku valvu ya kuingiza iko wazi, hewa inavutwa na kupita kwenye koo jembamba la kabureta. Pale inaongeza kasi, mgandamizo wake unashuka, na hewa ya nje inaisukuma petroli iliyo kwenye bakuli ipande kupitia jeti (kipande chenye tundu dogo lililopimwa) na kuchanganyika. Hivyo mvuto wa silinda ukiwa dhaifu, kabureta nzima hata kama ni mpya itatoa mchanganyiko mbovu. Ukianza kuzungusha skrubu hapo unakuwa unaficha ugonjwa, na unapoteza vipimo vya kiwandani ambavyo vingekusaidia kurudi ulikotoka.

Anza na valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, tangu jana haijawashwa, pima nafasi za valvu. CB750 inataka milimita 0.05 upande wa kuingiza na 0.08 upande wa kutoa moshi. Bonneville T120 ni takriban 0.05 na 0.10. BMW za mfululizo wa /5 ni 0.15 na 0.20. Hizi ni namba ndogo sana, na valvu ya kuingiza iliyobana kupita kiasi haikai vizuri kwenye kiti chake, mvuto unavuja, na ukija kufunga geji za kupimia mvuto utaona silinda hiyo iko chini ya wenzake. Wengi hapo wanavuta skrubu ya kabureta mpaka geji zilingane. Geji zimelingana, injini bado inaumwa.

Kisha cheche. Hapa ndipo ningependa watu wakae muda mrefu zaidi, maana asilimia kubwa ya "matatizo ya kabureta" ninayoyaona yanatoka huku. Pikipiki hizi nyingi zina pointi, yaani swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kuamuru cheche, na pointi zinaliwa. Safisha, pima mwanya (kwa CB750 ni kati ya milimita 0.3 na 0.4), halafu seti taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, na uifanye kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ukigusa mwanya wa pointi taimingi nayo inahama. Angalia pia kile kifaa cha kuwahisha cheche chenye vizito na springi ndogo nyuma ya bamba la pointi. Springi zikilegea, au vizito vikikauka bila grisi, cheche inabaki imewahi hata ukiachia mkono wa mafuta, na injini inabaki juu haitaki kushuka. Mwenye pikipiki anaapa kwamba kabureta inavuta hewa. Anabadilisha mipira, anabadilisha gaskiti, na dawa ilikuwa tone la mafuta au springi mbili.

Usisahau vifuniko vya plagi na nyaya zake. Miaka 50 ni mingi kwa mpira.

Baada ya hapo tafuta hewa ya wizi. Mipira inayounganisha kabureta na kichwa cha silinda hukakamaa na kupasuka kwa ndani, nje inaonekana nzima. Injini ikinguruma bila gia, nyunyizia ukungu wa maji kidogo kidogo kwenye maungio, moja baada ya jingine. Mlio ukibadilika umepata pa kushughulikia. Wapo wanaotumia dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Inafanya kazi, lakini ni kimiminika kinachowaka juu ya injini ya moto karibu na pointi zinazotoa cheche, na mimi siishauri.

Haya yote yakiwa sawa ndipo tunaifungua kabureta. Naendelea chini.

#2 Mvuto

Kwanza vifaa. Kama pikipiki yako ni ya Kijapani, skrubu zake zenye alama ya msalaba si za aina ile ile ya bisibisi nyingi zilizoko mitaani. Zina kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba haizami hadi chini. Inapanda na kukwangua kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS kabla ya kugusa bakuli la kwanza. Skrubu moja iliyoliwa kichwa kwenye aluminiamu ya zamani inaweza kukuharibia kabureta nzima.

Ukifungua bakuli angalia rangi ya kilichobaki. Petroli iliyolala muda mrefu huacha utando wa kahawia kama vanishi, na utando huo hupenda tundu dogo kuliko yote, jeti ya mzunguko wa chini, inayolisha injini mkono wa mafuta ukiwa umefungwa. Tundu hilo linaweza kuwa na upana wa milimita 0.4 tu. Kwenye kabureta za Amal Concentric, ambazo zilianza kufungwa kwenye pikipiki za Uingereza mwaka 1967, nyingi zina jeti hiyo imegandamizwa ndani ya mwili na haitoki. Watu wanapuliza hewa, wanaona imetosha, wanafunga. Haitoshi. Pitisha waya laini, kwa mfano uzi mwembamba wa gitaa, kupitia tundu la skrubu ya hewa hadi uhisi umegusa na kupenya, kisha nyunyizia dawa na uone inatoka kwenye vitundu viwili vidogo sakafuni mwa koo la kabureta. Usiposhuhudia kwa macho dawa ikitoka, bado haijasafika.

Nitoe onyo moja hapa: usipanue jeti kwa keekee. Jeti ya upana wa milimita 1.10 ukiifanya 1.20 unadhani umeongeza kidogo. Eneo la tundu limepanda kwa asilimia 19, na kingo zake zimekwaruzika, kwa hiyo hata namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

Kimo cha petroli bakulini kinafuata. Floti, yaani boya linalofunga petroli bakuli likijaa, ikifunga mapema, petroli inakaa chini na kila jeti inapata kazi ya ziada kuivuta, mchanganyiko unakuwa mwepesi (petroli kidogo kwa hewa) kuanzia chini hadi juu. Ikichelewa, mchanganyiko unakuwa mzito, na pengine petroli inamwagika. Kwa CB750 za kabureta za awali kipimo ni milimita 26 kutoka uso wa kabureta hadi sehemu ya mbali ya floti, ulimi ukiwa umeigusa sindano ya floti bila kuikandamiza. Kama floti ni za shaba, zitikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, imetoboka.

Kingine kinachosahaulika ni sindano ndefu inayopanda na kushuka na slaidi (kizibo kinachoinuliwa kufungua koo la kabureta), pamoja na jeti inamopita. Hivi viwili vinasuguana maisha yao yote. Tundu la jeti ya shaba linaliwa na kuwa yai, na pikipiki inaanza kunywa mafuta kwenye mwendo ule wa kawaida wa barabarani. Kwa Amal, jeti ya sindano ya 0.106 ina maana ya inchi 0.106, na kuliwa hadi 0.107 kunatosha kuonekana kwenye plagi. Ni sehemu ndogo. Badilisha sindano na jeti yake pamoja.

#3 KabaNne

Mkuu Mvuto, shukrani sana kwa uzi. Mimi nina CB750 ya mwanzoni mwa miaka ya 70. Nimefanya valvu, pointi mpya, mipira mipya, kabureta zimesafishwa. Inawaka vizuri ikiwa baridi. Ikishapata moto, mzunguko unashuka na kupanda, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga vishindo kwenye bomba la moshi. Mwenzangu mmoja ameniambia niongeze jeti kubwa. Unasemaje?

#4 Mvuto

KabaNne, hongera kwa kufuata mpangilio. Jeti kubwa usiiguse. Jeti kubwa inatawala pale mkono wa mafuta ukiwa wazi kuanzia robo tatu hadi mwisho, na wewe shida yako iko mkono ukiwa umefungwa. Hivi ni vyumba viwili tofauti.

Chukua kipande cha tepu, kibandike kwenye mkono wa mafuta, kingine kwenye kishikilio chake, uchore alama: umefungwa, moja ya nane, robo, nusu, robo tatu, wazi. Kuanzia umefungwa hadi moja ya nane kazi kubwa ni ya jeti ndogo, ile ya mzunguko wa chini, na skrubu ya mchanganyiko. Moja ya nane hadi robo ni mkato ulio chini ya slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano na jeti yake. Juu ya hapo ni jeti kubwa. Mipaka hii inaingiliana kidogo, lakini ukijua pikipiki inamisi kwenye alama ipi, tayari unajua sehemu ipi ya kufungua. Ukisema "inamisi kwenye mwendo wa 80" hujaniambia kitu, maana mwendo huo unaweza kuupata kwenye alama yoyote kutegemea gia na kilima.

Kwa dalili zako, kupanda na kushuka kwa mzunguko injini ikiwa moto na vishindo ukiachia mafuta ni ishara za mchanganyiko mwepesi kule chini. Jaribu hivi: injini ikiwa moto na inayumba, vuta choki kidogo sana. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, ilikuwa imeshiba kupita kiasi na tutafute pengine. Hakikisha pia maungio ya bomba la moshi kwenye kichwa cha silinda hayavuji, kwa sababu hewa ikiingia pale nayo inaleta vishindo.

Kuhusu skrubu, watu wengi wanaikosea. Kuna skrubu ya hewa na kuna skrubu ya petroli, na zinafanya kazi kinyume. Kama skrubu iko upande wa chujio la hewa kutoka kwenye slaidi, ni ya hewa: ukiikaza, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito. Kama iko upande wa injini, ni ya petroli: ukiikaza, petroli inapungua na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Kabureta zako za awali za Keihin zina skrubu ya hewa. Ikaze taratibu hadi iguse, usilazimishe kwa sababu ncha yake ni nyembamba na itaharibu kiti, kisha fungua mzunguko mmoja. Fanya hivyo kwa zote nne. Endesha dakika 15 injini ipate moto kamili, rudi, halafu zungusha robo robo kwa kila kabureta ukisikiliza pale mlio unapopanda na kuwa laini. Mzunguko ukipanda sana, ushushe kwa kitasa cha mzunguko wa chini hadi kama 950 kwa dakika, uendelee na inayofuata.

Ikitokea kwamba skrubu inataka kukazwa hadi karibu mwisho ndipo injini itulie, jeti ndogo bado imeziba au ni ndogo. Ikitaka kufunguliwa zaidi ya mizunguko mitatu na bado haijali, jeti ni kubwa au floti iko juu.

#5 Boksa75

Nachangia kwa upande wa BMW. R75/5 inatumia kabureta za Bing za aina ya diaframu (utando wa mpira), ambazo mkono wa mafuta hauinui slaidi moja kwa moja. Mkono unafungua kipepeo tu, yaani bamba linalozunguka ndani ya njia ya hewa, na slaidi inainuliwa na mvuto. Diaframu ikiwa na tundu la sindano, slaidi ya upande huo inapanda kwa uvivu na pikipiki inavuta upande mmoja. Kipimo chake ni rahisi: inua slaidi kwa kidole, ziba njia ya hewa inayoelekea juu ya diaframu, achia. Inatakiwa ishuke polepole au isimame. Ikianguka papo hapo, diaframu imetoboka.

Na kwa kuwa silinda ni mbili na ziko mbalimbali, kila moja inaweza kusikilizwa peke yake kwa kuizima nyingine. Lakini tafadhali msichomoe waya wa plagi na kuuacha unaning'inia. Umeme utatafuta njia, na koili, inayotengeneza umeme wa cheche, ndiyo itakayoumia. Ufunge kwenye plagi ya akiba iliyogusa mwili wa injini.

#6 PachaMbili

Mimi niko kwenye Triumph, T120 yenye Amal mbili. Kulinganisha kabureta mbili zinazovutwa na kebo mbili tofauti kunanipa shida, sina geji. Naweza kufanya bila geji?

#7 Mvuto

Boksa75, ahsante, ulichosema kuhusu koili ni muhimu sana, na kwa waliobadili pointi wakafunga cheche za kielektroniki ni muhimu zaidi.

PachaMbili, unaweza, na kwa Amal zako matokeo yanaridhisha kabisa. Kwanza legeza kebo zote mbili ziwe na ulegevu kidogo. Fungua skrubu za kusimamisha slaidi hadi slaidi zote zikae chini kabisa. Chomeka kijiti laini cha keekee, upande wake usio na makali, chini ya slaidi ya kwanza kutoka upande wa hewa, kingine cha upana ule ule chini ya slaidi ya pili. Kaza skrubu ya kila kabureta hadi kijiti kishikwe kidogo tu, kisichomoke chenyewe lakini kikivutwa kitoke. Sasa slaidi ziko kimo kimoja kwenye mzunguko wa chini. Kisha rekebisha kebo: weka vidole viwili, kimoja kwenye kila slaidi, mwenzako azungushe mkono wa mafuta polepole sana. Slaidi mbili lazima zianze kuinuka kwa wakati mmoja. Moja ikitangulia, ongeza ulegevu kwenye kebo yake.

Mwisho geuza usukani kulia na kushoto injini ikinguruma. Mzunguko ukipanda kwa usukani kugeuzwa, kebo imebana mahali. Usiingie barabarani ikiwa hivyo.

Jambo moja zaidi kwa wenye Concentric: usikaze nati za kushikia kabureta kwa nguvu zote. Mwili wa kabureta ni aloi laini, uso wake unajikunja, slaidi inaanza kukwama, na hewa ya wizi inaingia katikati ya gaskiti ambapo huioni.

Ukitaka geji bila kununua, chukua mpira unaoonyesha ndani, mrefu mita kadhaa, upinde mfano wa herufi U kwenye ubao, utie mafuta ya injini ndani hadi kimo cha kati, ncha mbili zifungwe kwenye matundu ya mvuto ya kabureta mbili. Upande wenye mvuto zaidi utayapandisha mafuta. Ni kifaa chepesi kuhisi kuliko geji nyingi. Tatizo lake ni kwamba kabureta zikiwa mbali sana kwa kulingana, mafuta yatanyonywa ndani ya injini, kwa hiyo linganisha kwa vijiti kwanza, uache mpira uwe mrefu, na ukae karibu na swichi ya kuzima. Zile geji za zamani za zebaki ziacheni. Zebaki ikimwagika chumbani ni sumu, na mvuke wake hauuoni.

#8 KabaNne

Mrejesho: skrubu za hewa zilikuwa zimefunguliwa karibu mizunguko miwili na nusu zote. Nimezirudisha kwenye mmoja, nikarekebisha kwa sikio, vishindo vimepungua sana. Silinda ya tatu tu ndiyo haijali skrubu yake hata nikiikaza yote. Niendelee kulinganisha kwa geji au nisubiri?

#9 Mvuto

Subiri, mkuu. Kabureta isiyojibu skrubu yake haina njia wazi ya mzunguko wa chini, na ukilinganisha sasa hivi utakuwa unazifundisha tatu nzima kumfuata mgonjwa. Itoe ya tatu, rudia kusafisha jeti ndogo na vitundu vya sakafuni kama nilivyoeleza juu. Angalia pia oringi (pete ya mpira) ya skrubu, kama ipo, haijakatika au kukaa mbili kwa pamoja. Moja ya zamani hubaki imejificha ndani.

Ikirudi na kujibu, ndipo ulinganishe. Pikipiki yako, kama si zile za kwanza kabisa zenye kebo nne kutoka kwenye moja, ina fito inayoinua slaidi zote pamoja, na kila kabureta ina marekebisho yake juu. Toa tangi, tundika chupa ndogo ya petroli mahali pa juu mbali na bomba la moshi, funga geji nne. Fanya nje, kwenye hewa, kwa sababu moshi wa bomba una monoksidi ya kaboni, na weka feni kubwa mbele ya injini. Silinda nne zinazopozwa na upepo hazipendi kusimama zikinguruma. Geji zilingane kwa kukaribiana, usihangaike na mshale kusimama nywele kwa nywele. Kila ukirekebisha moja, peleka mkono wa mafuta juu kidogo, achia, usome tena. Usomaji usiorudi mahali pake baada ya kuachia ni ishara ya fito inayokwama.

Ukimaliza kulinganisha, rudi kwenye skrubu za hewa mara moja ya mwisho, maana kimo cha slaidi kikibadilika mchanganyiko nao umeguswa.

#10 PachaMbili

Swali la mwisho kutoka kwangu. Rangi ya plagi niiamini kiasi gani? Wazee wanasema kahawia ya udongo, zangu zinaonekana karibu nyeupe na pikipiki inakimbia vizuri.

#11 Mvuto

Hiyo kahawia wazee waliiona kwenye petroli yenye risasi. Petroli ya sasa haiachi rangi hiyo kwa urahisi, na ukiitafuta kwa nguvu utaishia na mchanganyiko mzito. Tazama chini kabisa, pale kauri inapoingia ndani ya chuma. Ukiona duara jembamba la kijivu au kahawia hafifu, uko salama. Nyeupe inayong'aa yenye vijipunje au ncha zilizoanza kuyeyuka ni hatari, simamisha pikipiki. Na usisome plagi iliyotoka kunguruma bila gia dakika kumi. Endesha kwenye alama unayoichunguza, zima injini ukiwa kwenye alama hiyo hiyo huku umeshika klachi, kisha ndipo uifungue.

Petroli yenye ethanoli nayo inaathiri. Ethanoli inabeba oksijeni yake, kwa hiyo kwa kila kilo ya mafuta inahitaji hewa pungufu: petroli tupu inataka karibu kilo 14.7 za hewa, yenye ethanoli asilimia 10 ni kama 14.1. Kwa jeti zile zile mchanganyiko unakuwa mwepesi kidogo. Mara nyingi hatua moja ya juu kwenye jeti ndogo, au sindano kuinuliwa ngazi moja, inatosha. Nyanda za juu ni kinyume chake, hewa inapungua kama asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda, mchanganyiko unazidi kuwa mzito.

Ethanoli hiyo hiyo inavuta unyevu na kula mipira ya zamani, kwa hiyo kama pikipiki italala zaidi ya wiki chache, funga koki ya petroli, fungua skrubu za chini ya mabakuli yote na uyamwage hadi yakauke.